Wimbo Mmoja, Leipzig na Bukoba

Ukifungua kitabu cha nyimbo kinachotumika katika makanisa ya Kiprotestanti ya Ujerumani, namba 116, utakutana na wimbo wetu wa Pasaka, Mfurahini Haleluya. Maneno yake ya Kiswahili ni ya mchungaji Bernard Kyamanywa, aliyesoma theolojia katika chuo cha Makumira, na sauti yake ni ya Kihaya. Mwaka 1969 Ulrich Leupold, Mjerumani aliyekuwa akifundisha Kanada, aliutia katika Kijerumani. Tangu nihamie Leipzig nausikia karibu kila Pasaka, na kila mara najiuliza swali lile lile: sauti ni ile ile, habari ni ile ile ya kaburi tupu, mbona furaha inakuja kwa njia nyingine kabisa?

Huku namba za nyimbo zimeshabandikwa ukutani kabla ibada haijaanza. Organi inapiga utangulizi mfupi, watu wanafungua vitabu, beti zinafuatana, kiitikio kinaimbwa mara moja baada ya kila ubeti, basi. Hakuna anayeyumba wala kupiga makofi. Msije mkadhani hawa watu hawana hisia. Pasaka moja nilikaa jirani na bibi mmoja aliyeimba beti zote huku machozi yakimtiririka, na vidole vyake havikubanduka kitabuni hata kuyafuta.

Kwetu Bukoba, mkoani Kagera, wimbo huo huo unaanzishwa na mtu. Mama mmoja anapaza sauti kutoka benchi la katikati, wenzake wanamdaka, ngoma inaingia ikiwa imechelewa kidogo, na kiitikio kikishashika hakuna anayeachwa aketi. Mara ya kwanza unaimba kwa sababu unayajua maneno. Mara ya tatu miguu nayo imeanza kuimba. Baadaye vigelegele vinapasuka upande wa akina mama, mwanzilishi anatazama nyuso za watu, anaona bado, anarudia. Idadi ya kurudia haijaandikwa popote. Kinachoamua ni usharika wenyewe, pale pale.

Wapo wanaosema kurudiarudia ni dalili ya wimbo kukosa maneno. Sikubaliani nao. Waliokulia katika Uamsho wa Afrika Mashariki wanajua kazi ya pambio kama Tukutendereza. Mtu anasimama, anashuhudia, anatubu mbele ya wenzake, sauti inamkatika, na kabla hajaketi tayari watu wamempokea kwa wimbo. Kwa kuwa pambio ni fupi na kila mtu analijua kwa moyo, yeyote anaweza kulianzisha dakika ile ile linapohitajika. Wimbo wa beti saba wenye kitabu hauwezi kazi hiyo.

Lakini kuna kazi ambayo pambio nalo haliiwezi, na hiyo nilikuja kuielewa hapa Leipzig, katika Kanisa la Mtakatifu Thomas. Johann Sebastian Bach alikuwa mkuu wa muziki hapo tangu 1723 hadi alipofariki 1750. Mateso ya Kristo kwa Mathayo aliyatunga kwa ajili ya ibada ya Ijumaa Kuu, na mahubiri yaliwekwa katikati ya sehemu zake mbili. Yanakaribia saa tatu. Ndani yake sauti moja ya wimbo wa kanisa, ile ya kichwa cha Yesu chenye damu na majeraha, inarudi mara 5. Sauti hiyo ilianza kama wimbo wa mapenzi wa Hans Leo Hassler, uliochapishwa mwaka 1601. Bach haibadilishi. Anachobadilisha ni sauti za chini zinazoibeba, hivyo inaporudi inakuwa nzito kuliko ulivyoizoea. Mara ya mwisho inaingia baada tu ya Yesu kukata roho, polepole, na sauti za chini zimepinda kiasi kwamba mtu hajui aweke wapi mguu. Nilikuwa nimeketi kimya kama wenzangu wote, na sijawahi kulemewa na Ijumaa Kuu namna ile.

Kumbe hata Bach anarudia. Ila yeye amerudia kwa niaba yetu, akapanga miaka karibu mia tatu iliyopita ni wapi moyo utavunjika. Kwetu tunapanga sisi tulioingia kanisani asubuhi hiyo.

Wamisionari wa Leipzig walipofika Kilimanjaro mwaka 1893 walikuja na nyimbo za kitabu, nazo zikatiwa katika lugha zetu. Tatizo likawa mkazo. Mistari mingi ya Kijerumani inaishia kwenye silabi yenye nguvu, na Kiswahili huweka nguvu kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ndiyo maana katika nyimbo nyingi za kitabu tunajikuta tunalisukuma neno mahali ambapo hakuna Mswahili angelisukuma akizungumza. Watu wakaimba kwa utii miaka mingi, nao walizipenda, mimi pia nazipenda. Lakini sauti zetu wenyewe zilipoanza kuingia ibadani, kwa juhudi za wanafunzi na walimu wa Makumira kama Howard Olson aliyezikusanya, maneno yalikaa mahali pake na mwili ukapata ruhusa.

Ninaporudi likizo siku hizi, jambo linaloniumiza ni jingine. Kwaya ya kwanza inapita mbele na sare zake, inafuata ya pili, ya tatu, ya vijana. Kinanda kina mapigo yaliyorekodiwa tayari, mahali pengine muziki mzima umetoka kwenye flashi, na spika zimefunguliwa hadi mtu hasikii sauti yake mwenyewe. Watu wanasimama, wanapiga picha, wanashangilia. Kuimba hawaimbi. Mjerumani wangu na kitabu chake, pamoja na ukimya wake wote, ameimba beti nyingi zaidi Jumapili hiyo kuliko mjomba wangu aliyekuja kanisani kwa shangwe.

Walimu wa kwaya, nawaomba jambo hili kwa heshima. Kila Jumapili acheni wimbo mmoja uwe wa usharika mzima: zimeni kinanda, zimeni spika, mama mmoja aanzishe. Na Ijumaa Kuu msiwakimbize watu kwenye mapambio ya furaha. Wapeni nyimbo za huzuni, ziimbeni polepole na zote, hadi ubeti wa mwisho. Pasaka itafika, na Mfurahini Haleluya tutaurudia kadiri tutakavyo.