Tabora: Kete zilizovumilia safari ndefu

Ukishuka treni Tabora, usikimbilie bodaboda. Mji huu wa miembe hutembewa kwa miguu. Jioni, jua likishapungua, hutakosa kivuli chenye watu wawili walioinamia ubao, na wengine wanne nyuma yao wakitoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Hapo panachezwa bao.

Kabla ya kuwatazama wachezaji, tazama kete. Kete nzuri ni komwe, mbegu za mkomwe: za kijivu, ukubwa wa gololi, zinazong'aa kwa kushikwa miaka mingi. Katika seti iliyozeeka utakuta moja ina ufa, nyingine imebabuka kwa moto wa jikoni, na mbili tatu si komwe kabisa bali ni kokoto zilizookotwa barabarani kuziba pengo. Zimeanguka sakafuni, zimekanyagwa, watoto wamezitia mdomoni. Mchezo unaendelea vilevile.

Ugumu huo una sababu yake. Mkomwe ni kichaka cha miiba kinachopenda pwani. Mbegu yake ina ganda gumu na hewa ndani, kwa hiyo ikidondoka baharini huelea siku nyingi bila kuoza. Mbegu za aina hiyo zimeokotwa hata kwenye fukwe za Uskoti. Anayetaka kuipanda hulikwaruza ganda kwanza ili maji yapenye. Kitu kilichoumbwa kushindana na bahari hakitishwi na sakafu ya saruji.

Lakini Tabora si pwani. Kwa treni kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, na kabla reli haijafika mwaka 1912, watu walizitembea. Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo hadi Unyanyembe, kisha ikaendelea hadi Ujiji. Wazungu Burton na Speke waliondoka pwani katikati ya mwaka 1857 wakafika Kazeh, kama palivyoitwa wakati huo, mwezi Novemba. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba frasila mbili hivi kila mmoja: vitambaa, shanga na waya kuelekea bara, pembe za ndovu kuelekea pwani.

Mwenye pembe ya ndovu begani hana nafasi ya ubao. Bao, hata hivyo, halidai ubao. Mashimo 32 huchimbwa ardhini kwa mistari minne ya manane, kokoto 64 zikaokotwa, mchezo ukaanza. Mvua ikifuta mashimo, yatachimbwa mengine kesho. Jamaa za mchezo huu zimeenea bara. Majirani Wasukuma wana wao wanaouita isolo.

Kilomita chache nje ya mji, Kwihara, kuna tembe lililojengwa upya kuwa makumbusho. Hapo David Livingstone alikaa mwaka 1872 akingoja watu ambao Stanley alikuwa amwandalie kutoka pwani, akaondoka Agosti 25. Mwaka uliofuata mwili wake ulipitishwa Unyanyembe na watumishi wake Susi na Chuma na wenzao, wakielekea Bagamoyo. Mgeni husimulia habari hiyo akirudi nyumbani. Mara chache husimulia kwamba kwenye njia hiyohiyo walipita mateka wasiokuwa na majina vitabuni.

Kuna kanuni moja ya bao ambayo Tabora inaifaa. Katika drafti, kinacholiwa huwekwa pembeni. Katika bao, kete iliyoliwa haitolewi. Huchukuliwa na kupandwa upande wa aliyeila, ikaanza kazi huko. Kete 64 za mwanzo ndizo 64 za mwisho. Mjini hapa wapo Wamanyema ambao mababu zao walikuja na misafara kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, wengine kwa hiari, wengine wakiwa mateka. Waliopona waliota mizizi, wakajenga, wakaoa. Wajukuu wao leo ni wenyeji, na jioni huketi barazani kama wengine.

Mwalimu Nyerere, aliyeanza kusoma sekondari Tabora mwaka 1937, alijulikana kwa kulipenda bao hadi uzeeni. Shuleni alifundishwa mengi, lakini bao hujifunzwa miguuni pa mtu mzima.

Hapo ndipo penye hatari. Mzee akifariki, familia hugawana kiwanja na ng'ombe. Ubao wa mninga hupelekwa uani, ukawa chombo cha kunyweshea kuku, na komwe zikawa gololi za watoto. Hilo peke yake si msiba. Ubao uliopasuka huzibwa kwa kipande cha bati, na komwe iliyopotea hupata kokoto ya kukaimu. Alichokijua mzee hakina kokoto ya kukaimu: namna ya kuilinda nyumba, lini kutakata, lini kula kuelekea kichwa cha kulia na si cha kushoto, na jinsi ya kutoka kwenye namua kuingia mtaji huku mpinzani akidhani ameshashinda. Hakuna lililoandikwa kwenye mbao.

Kwa hiyo ukienda Tabora na watoto, nunueni asali, nendeni Kwihara, kisha tafuteni kivuli chenye ubao. Salimieni kwanza: "Shikamoo, babu." Msimuulize nani anashinda, subirini mchezo uishe. Kisha mwombeni awafundishe watoto bao la kujifunza, ambalo huanza na kete mbili kila shimo. Atalalamika kwamba hawezi kufundisha watu wenye haraka. Kaeni. Mtoto akiangusha kete ikabingiria chini ya benchi, babu atamwonyesha kokoto.