Maji ya mvua yatapita wapi?

Juma hili tunataka kuongea nanyi juu ya parseli. Si bei yake, wala si nani amenunua na nani amekosa. Tunataka kuongea juu ya maji.

Mnajua kwamba kilima kilicho juu ya mtaa wetu hapa Bukavu, pale wenzetu wanapolima maharagwe na mihogo, kinataka kukatwa parseli. Ramani imewekwa kwenye ofisi ya kartiye. Kikundi chetu kiliomba kuiona, na tukaenda watu tisa: walimu, wauzaji wa makala, mshonaji, na mama mmoja mzee anayekijua kilima hicho tangu utoto wake. Tuliona parseli 60 na njia mbili za magari. Mfereji hatukuuona hata mmoja. Tukauliza: mvua ikinyesha, maji yatapita wapi? Tukajibiwa kwamba maji yanajua njia yake.

Ni kweli, yanajua. Njia hiyo inapita milangoni mwetu.

Tufanye hesabu pamoja, kama tunavyofanya na watoto darasani. Mvua ya milimita 1 ikianguka juu ya meta mraba 1 ya bati, inatoa litre 1 ya maji. Mvua nzito ya saa moja inaweza kufika milimita 20. Nyumba yenye bati la meta mraba 50 itamwaga litre 1.000, yaani bidoni 50 za litre 20. Zidisha kwa nyumba 60: ni bidoni 3.000 kwa saa moja, na bado hatujahesabu njia na viwanja vilivyokanyagwa vikawa vigumu. Leo sehemu kubwa ya maji hayo inanywewa na udongo wa mashamba na kushikwa na majani. Bati halinywi kitu. Yote yatashuka, tena kwa haraka, na yatabeba udongo.

Mtu atasema: kila mmoja aweke pipa chini ya bati lake. Ni vizuri, na sisi tunalipenda pipa, maana linapunguza safari ya bomba. Lakini pipa ni litre 200. Likijaa, litre 800 zinaendelea na safari. Pipa linasaidia mfereji, haliwezi kuchukua nafasi yake.

Hatusemi haya kwa kupenda kuogopesha watu. Jimbo letu limekwisha kuona maji yanavyoweza kufanya. Tarehe 4 Mei 2023, kule Kalehe, mito ilijaa ikashuka na mawe na matope juu ya Bushushu na Nyamukubi, na watu zaidi ya 400 walikufa. Mtaa wetu si Kalehe. Lakini sisi pia tunakaa chini ya mlima, na hapa mvua zinarudi kila Septemba.

Kuna jambo la pili: chemchemi. Siku bomba linapokauka, nusu ya mtaa wanachota pale chini ya kilima. Nyumba 60 ni vyoo 60 vya shimo. Wenye kufanya kazi ya usafi wanafundisha kwamba choo kikae angalau meta 30 mbali na chemchemi, na tena kisichimbwe upande wa juu yake. Kwenye ramani ile chemchemi yetu haikuchorwa kabisa. Sisi tunaoishi Kivu ya Kusini hatuhitaji kuelezwa kipindupindu ni nini.

Kati yetu wako wenye kutaka kununua kule juu. Wamelipa likilimba miaka mingi, wamechoka kupanga, na wana haki ya kupata nyumba. Kwa hiyo hatukatai nyumba. Tena mama atakayejenga kule ndiye wa kwanza ambaye ukuta wake utachimbwa na maji ya jirani wa juu.

Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011, juu ya kulinda mazingira, inasema kwamba mradi unaoweza kuharibu mazingira ufanyiwe kwanza uchunguzi, na wananchi waulizwe. Kuuliza kwetu si ukaidi.

Basi tumeandika barua yenye maombi manne. Mfereji wa mawe ujengwe kabla ya parseli ya kwanza kuuzwa, nao ufike mpaka mtoni, usiishie juu ya paa za watu. Sehemu zenye mteremko mkali zisikatwe, zipandwe mianzi na majani yanayoshika udongo. Chemchemi ichorwe kwenye ramani, na vyoo viwe mbali nayo. Na iandikwe ni nani atakayesafisha mfereji, kwa sababu mfereji uliojaa takataka ni sawa na kukosa mfereji.

Jumamosi, baada ya salongo, tutasoma barua hiyo kwa sauti, kisha kila mama atakayekubali ataweka sahihi au kidole. Wenye kutaka kununua parseli waje pia, na waume zao. Njooni na mtu anayekumbuka maji yalipita wapi mvua kubwa ya mwisho ilipopiga. Tutaweka alama kwenye ramani, nyumba kwa nyumba, na ramani hiyo itaenda pamoja na barua.