Korat: Mji wa Askari Wenye Uwanja wa Wavu

Treni itokayo Bangkok kuelekea kaskazini-mashariki hupita kwanza katika mashamba ya mpunga yaliyo tambarare, kisha huanza kupanda milima yenye misitu, na baada ya mwendo wa kilomita 260 hivi huingia Nakhon Ratchasima, mji ambao wenyeji huuita kwa kifupi Korat. Reli hiyo ilifika hapo mwaka 1900, na tangu siku hizo Korat umekuwa mlango wa Isan, nyanda za juu za Thailand zinazopakana na Laos na Kambodia.

Mgeni ashukaye hapo hakosi chakula. Kando ya barabara akina mama hutwanga papai bichi kwenye kinu, pamoja na pilipili, kitunguu saumu na maji ya ndimu. Wali wao ni wa kunata. Huliwa kwa mkono, tonge baada ya tonge.

Katikati ya mji, mbele ya lango la kale, imesimama sanamu ya mwanamke, Thao Suranari, iliyowekwa mwaka 1934. Wenyeji husimulia kwamba mwaka 1826, jeshi la mfalme wa Vientiane lilipouteka mji na kuwachukua watu wake mateka, mama huyo aliwaongoza wenzake kuwahadaa walinzi kwa vinywaji, kisha wakawashambulia usiku. Hadi leo watu huja kuweka nadhiri miguuni pa sanamu hiyo.

Korat ni mji wa askari kweli kweli. Hapo ndipo yalipo makao makuu ya Jeshi la Mkoa wa Pili la Thailand, na hapo upo uwanja wa ndege za kijeshi ambao Wamarekani waliutumia katika vita vya Vietnam. Tarehe 3 Aprili 1965 ndege zilizoruka kutoka Korat na kituo kingine cha Thailand zilikwenda kulipiga daraja la Ham Rong, huko Thanh Hoa, Vietnam ya Kaskazini. Daraja halikuanguka siku hiyo, wala miaka iliyofuata. Lilivunjwa mwaka 1972. Upande wa kaskazini wa Thanh Hoa ndiko uliko mkoa wa Ninh Binh, na hapana budi msomaji aukumbuke mkoa huo.

Mwaka 2019 Korat ulipokea wageni wa namna nyingine. Timu za taifa za wanawake za Vietnam, Indonesia na Ufilipino zilifika kucheza mpira wa wavu na wenyeji, katika mashindano mapya ya mataifa ya Kusini-Mashariki mwa Asia ambayo tangu mwaka 2023 yanaitwa SEA V.League. Mpango wake ni mwepesi. Timu nne hukutana kwa siku tatu, kila moja ikipambana na nyingine zote; kisha wote hufunga mizigo na kuhamia nchi nyingine, ambako hurudia kwa siku tatu tena. Ashindaye kwa seti 3 kwa 0 au 3 kwa 1 hupata pointi tatu. Mechi ikifika seti ya tano, mshindi hupata mbili na aliyeshindwa hupata moja, ili jasho lake lisipotee bure.

Thailand ndiyo iliyokuwa mwalimu wa eneo hilo. Ubingwa wake wa kwanza wa Asia iliupata mwaka 2009 mjini Hanoi, nyumbani kwa Wavietnam. Na mwaka 2013 na 2023 iliutwaa tena hapo hapo Korat. Vietnam kwa miaka mingi ilimfuata jirani yake kwa karibu bila kumpita. Lakini asiyekubali kushindwa si mshindani. Wasichana wa Vietnam, ambao miongoni mwa klabu zilizowalea imo ile mashuhuri ya Kamandi ya Mawasiliano ya Jeshi, walikuja, wakashindwa, wakarudi nyumbani na kujinoa.

Mwaka 2025 ligi ilianza tarehe 1 Agosti, Korat. Wakati huo mji ulikuwa na majonzi. Mwezi Julai askari wa Thailand na wa Kambodia walipigana mpakani kwa siku tano. Raia waliuawa na maelfu wakahama makwao. Silaha zilinyamaza tarehe 28, na jeshi lililokuwa mstari wa mbele ni hilo lenye makao yake Korat. Siku nne baadaye filimbi ikalia uwanjani.

Wiki moja baadaye timu zilihamia Ninh Binh, nchi ya milima ya mawe na mito, ambako wanakijiji hupiga makasia kwa miguu. Hapo, tarehe 10 Agosti, Vietnam ikiongozwa na nahodha Tran Thi Thanh Thuy iliishinda Thailand seti 3 kwa 2. Mwezi huo huo timu hiyo ilicheza Mashindano ya Ubingwa wa Dunia kwa mara ya kwanza, nchini Thailand, katika kundi moja na Poland, Ujerumani na Kenya.

Haifai kudai kwamba mpira huleta amani. Desemba ya mwaka huo huo mizinga ilisikika tena katika mpaka wa Thailand na Kambodia. Hata hivyo, mchezo huu una sheria ambayo askari yeyote ataielewa upesi. Katikati ya uwanja pana mstari na wavu. Anayeugusa wavu akicheza mpira, au anayeuvuka mstari kwa mguu mzima, amekosa, na pointi huenda kwa jirani, hata kama yeye ndiye mwenye nguvu zaidi.

Mechi ikiisha, timu hizo mbili huukaribia wavu na kupeana mikono. Ndivyo wafanyavyo wasichana wa Ninh Binh na wa Korat, ambao babu zao walitenganishwa na ndege za vita.