Miyuji: Je, ya Kale ni Dhahabu?

Ukitoka Dodoma mjini kwa barabara iendayo Kondoa na Arusha, utapita Miyuji. Ukiendelea mbele utafika Makutupora, ambako wataalamu huchunguza mizabibu, mmea uvunwao mara mbili kwa mwaka katika nchi hii kame.

Ukinunua chupa ya mvinyo wa Dodoma, usiifungie kabatini ukitumaini kuwarithisha wajukuu utajiri. Pengine umesikia habari za Wajapani. Mwaka 2020, huko Hong Kong, chupa moja ya wiski ya Yamazaki ya miaka 55 iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola 700,000 za Marekani. Lakini fahamu kwamba miaka hiyo ilihesabiwa ndani ya pipa la mbao. Pipa ndilo liipalo wiski rangi na ladha, na kila mwaka sehemu yake hupotea hewani. Kibakicho ni kidogo, ndiyo maana ni ghali. Ikishatiwa chupani, wiski haizeeki tena.

Mvinyo sivyo. Huendelea kubadilika ndani ya chupa, na mwingi hutengenezwa unywewe mapema. Joto la chini ya bati huuharibu upesi.

Hasara kubwa zaidi ni ya mkulima. Zabibu zikiiva hazimngojei mnunuzi, zisipochukuliwa, huoza. Basi utajiri wa Dodoma hautafutwi katika chupa kuukuu, bali katika matangi na mapipa yatakayompa mkulima nafasi ya kungoja bei. Ya kale ni dhahabu kwa aliye na mahali pa kuyahifadhi.