Mji wa Kulea Watoto ni Upi?

Swali ambalo watu wananipigia simu zaidi ni hili: "Kampala iko muzuri kwa watoto?" Linatoka Nakivale, linatoka Kyaka, wakati mwingine linatoka Bukavu kwa mtu ambaye hajafunga hata begi. Wananiuliza mimi kwa sababu nafanya kazi na vijana wakimbizi hapa mjini, na kwa sababu kila wiki mbili naingia Kikuubo kununua sabuni, sukari na biskuti za duka dogo la kikundi chetu. Wanafikiri mtu anayejua Kikuubo anajua Kampala yote.

Kwa ninyi ambao hamjafika, Kikuubo ni kichochoro cha biashara ya jumla katikati ya Kampala, karibu na Old Taxi Park. Jina lenyewe kwa Kiganda ni njia nyembamba. Sabuni uliyonunua jana kwenye kaduka ka jirani yako huko kambini, inawezekana ililala hapo kabla ya kupanda lori. Wapakasi wanapita na magunia kichwani wakipiga kelele, "Fasi! Fasi!" Kwetu Kongo fasi ni mahali. Pale Kikuubo maana yake ni nipishe, toa nafasi. Mama zetu wanaochukua bidhaa pale hawaji na watoto wadogo, maana mtoto wa miaka minne pale ni wa kukanyagwa.

Lakini wakiwa wanangoja mwenye duka ahesabu dazani, wanaongea juu ya watoto tu. Wametoka Goma, Uvira, Bukavu, wengine wamepitia Bujumbura au Nairobi. Wanalinganisha miji kama wanavyolinganisha vitenge: wanashika, wanavuta, wanauliza kama rangi itatoka ikifuliwa. Nimejifunza mengi kwa kusimama pale na katoni yangu.

Kijana mmoja wa kikundi chetu alinionyesha kwenye simu orodha ya miji mizuri ya kuishi. Inatengenezwa na Economist Intelligence Unit ya London, na inapanga miji 173. Vienna, mji mkuu wa Austria, ilikuwa ya kwanza mwaka 2022, 2023 na 2024. Mwaka 2025 Copenhagen ikaipita. Wanapima mambo matano: utulivu, afya, elimu, miundombinu, na utamaduni pamoja na mazingira. Sipingi hata moja. Vienna chekechea ni bure tangu 2009, na mama gani atakataa chekechea ya bure? Lakini nilipoendelea kusoma nikakuta kazi moja ya orodha kama hizo: makampuni yanazitumia kujua yamwongezee mfanyakazi pesa ngapi yakimtuma kwenye mji mgumu. Yaani anayepimiwa mji ni mtu anayekuja na mshahara, na akiteseka analipwa kwa kuteseka.

Niliwasimulia akina mama habari hiyo pale Kikuubo. Walicheka sana. Mmoja akasema, "Basi mimi wananidai nyongeza ya miaka tisa!" Wengine wakamsahihisha kwamba yeye ndiye anayedai. Halafu kila mmoja akatoa mzani wake.

Yule aliyepitia Nairobi anapima kwa jambo moja: je, mzazi akitoka asubuhi, jioni atarudi? Aliondoka kule mwaka 2014. Wakubwa wanakumbuka: mwezi wa nne mwaka ule kulikuwa na operesheni iliyoitwa Usalama Watch. Watu wengi, zaidi Wasomali wa Eastleigh, walikamatwa na kuwekwa katika uwanja wa Kasarani ili karatasi zao ziangaliwe. Mama huyu anasema Nairobi ilikuwa na shule nzuri na pesa ilikuwa inapatikana, lakini alikuwa anawaaga watoto kila asubuhi kama mtu anayesafiri. Kwa mzani wake Kampala inashinda. Uganda ina Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006, ambayo inatupa haki ya kutembea na ya kufanya kazi. Unaweza kupanda taksi na kadi yako mfukoni bila moyo kukudunda.

Mwingine, wa Uvira, anapima kwa lugha. Watoto wake walishika Kiganda ndani ya miezi sita, mtaani tu, bila mwalimu. Yeye mwenyewe bado anaomba chumvi kwa Kiswahili, na kuna watu wanaomwangalia vibaya. Wazee wa hapa wanakumbuka Kiswahili cha wanajeshi wa zamani, cha kupiga watu na kuwanyang'anya. Ni kweli kwamba mwezi wa saba mwaka 2022 serikali ilikubali Kiswahili kuwa lugha rasmi na kifundishwe mashuleni, lakini mtaa hausomi gazeti la serikali. Shida yake ni kwamba watoto wakigombana au wakipanga jambo lao, yeye hasikii. "Nalala nyumba moja na watu sijui mipango yao," alisema.

Wa tatu, mama wa Bukavu aliyezoea kunyamaza, alisema neno ambalo nimelibeba mpaka leo: "Kampala iko na kila kitu, lakini haina macho ya kuangalia mutoto wangu."

Macho. London hawakuweka hilo kwenye mambo matano.

Nieleze kwa mfano wa nyumbani kwetu, maana najua wengi mko katika hali hiyo hiyo. Yaya wangu, dada yangu mkubwa, ana watoto watatu: msichana wa miaka 13 anayesoma P7, mvulana wa miaka 8, na kadogo ka miaka 4. Wamepanga muzigo Katwe, chumba kimoja chenye pazia katikati. Anatoka alfajiri, anachukua vitenge, anatembea navyo begani mpaka giza liingie, huku akikwepa askari wa mji, maana kutembeza bidhaa barabarani ni kosa. Shilingi ya kodi inatoka kwenye miguu yake. Mkimbizi anayeishi Kampala hapewi chakula cha msaada. Tulikubali hivyo tulipochagua mji.

Kadogo kalikuwa kanabaki kwa jirani, mama Mganda mwenye moyo mzuri, kwa shilingi 2,000 kwa siku. Mwanzoni mwa mwaka jirani yule akahama. Yaya akatafuta mwingine wiki tatu. Ndani ya wiki hizo tatu, yule msichana akaanza kukosa shule. Hakuna aliyemwambia akose. Aliona tu kwamba mama akitoka na yeye akitoka, kadogo kanabaki peke yake na jiko la makaa na mlango unaofungua kwenye mtaro wa maji machafu. Akabaki. Siku ya kwanza, ya pili, ya tano. Akiwa P7, na mtihani wa PLE ni mwishoni mwa mwaka! Mwalimu ndiye aliyepiga simu.

Tulikaa jioni moja kuamua. Mama yetu mzazi yuko Nakivale, Isingiro, na kipande chake cha shamba, mahindi na maharage. Kule hakuna kodi. Kuna macho, kuanzia mlango wa kwanza mpaka kwenye bomba la maji. Mtoto akianguka, habari inafika nyumbani kabla yake. Lakini kule shule zimejaa. Na chakula mnakijua ninyi wenyewe. Mwaka 2023 WFP iligawa watu kwa makundi matatu, na kundi la tatu likaondolewa kabisa kwenye mgao. Mama yuko kundi la kati. Kumpelekea wajukuu ni kuongeza midomo kwenye sufuria ileile.

Basi tukakata hivi: wadogo wawili waende kwa bibi yao, msichana abaki Kampala mpaka amalize PLE, na yaya atume sabuni na pesa ya unga kila mwezi kutoka Kikuubo. Mvulana alikataa kwa machozi. Alikuwa na timu yake ya mpira na marafiki wake, na Kiganda chake kilikuwa kinakimbia kama maji. Asubuhi ya kupanda basi la Mbarara alishika nguzo ya mlango. Yaya alimbandua kidole kimoja kimoja bila kusema neno.

Sasa ni miezi minne. Kwenye simu mvulana anamjibu bibi kwa Kiganda, makusudi, na bibi haelewi. Wiki iliyopita nilimuuliza maisha yakoje. Akasema darasani mwalimu hajajua jina lake bado, lakini njiani kila mtu anamwita. Nikawaza kwamba Kampala ilikuwa kinyume: mwalimu alimjua, na mtaa haukumjua. Sijui kipi kinamjenga mtoto zaidi. Msichana naye amerudi shule kila siku na alama zimepanda. Usiku anasema chumba kimekuwa kikubwa mno.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama Kampala ni mji mzuri kwa familia, siwezi kujibu kwa sababu swali lina watoto watatu ndani yake. Kwa msichana wa P7 ni mzuri. Kwa mtoto wa miaka minne asiye na mtu wa kumwangalia ni hatari. Kwa mvulana wa miaka minane, sijui. Orodha za miji zinafikiri familia inahama kama sanduku moja na kuwekwa mahali pamoja. Sisi tunaweka mtoto huyu hapa, yule pale, kila mmoja mahali ambapo leo kuna kitu anachohitaji, na mama anakuwa barabara inayowaunganisha. Bei yake ni kubwa na wanailipa watoto.

Ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, nawajua kidogo. Umoja wa Mataifa unapanga vituo vyenu vya kazi kwa herufi, H halafu A mpaka E, na E ndiyo ngumu kabisa. Kuna vituo ambavyo mfanyakazi haruhusiwi kuhamia na mke, mume wala watoto, kwa ajili ya usalama. Ni sheria nzuri, siwaonei wivu. Wengi wenu mnalala mbali na watoto wenu na mnajua uchungu wake. Mnapofanya hivyo inaitwa kazi. Kwa hiyo mkikuta karatasi ya familia ina majina matano na ndani ya nyumba kuna watu wawili, msiandike haraka kwamba mzazi ametelekeza watoto. Muulizeni kila mmoja yuko wapi, na kwa nini huko. Mara nyingi mtakuta mama aliyepima miji kwa makini kuliko wale wa London. Na kama mna pesa kidogo ya mradi, wekeni chumba kimoja karibu na Kikuubo chenye mikeka na mlezi anayelipwa, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Nawaambia wasichana wangapi watarudi darasani mwezi huo huo? Hesabuni wenyewe wale mnaowaona mitaani saa nne wamebeba wadogo zao mgongoni.

Na ninyi ndugu zangu wa kambini mnaotaka kuja, sitawaambia njooni wala msije. Niambieni umri wa kila mtoto. Niambieni saa tisa alasiri, shule ikifunga, nani atamfungulia mlango, na kama akipotea kuna watu wangapi wanaojua jina lake. Kama unataka kuja mwezi wa pili shule zikifungua, nipigie mapema. Tutatafuta jirani kwanza, halafu nyumba.