Paka wa Lamu Hana Haja na Halwa

Ukishuka gatini Lamu, kabla hujaulizwa mzigo wako unapelekwa wapi, utakuwa umekwisha kaguliwa na paka. Ni wembamba, miguu mirefu, masikio wima. Wapo wasemao asili yao ni Misri, ati kwa kuwa wanafanana na wale wa michoro ya kale. Kufanana wanafanana, nasaba ni jambo jingine.

Nenda soko la samaki asubuhi. Mchuuzi anapopara changu, paka huketi nusu duara, kimya kama wanafunzi wa chuoni. Matumbo yakirushwa, adabu kwisha! Aliyepata kichwa hutimkia darini, wengine hubaki kulamba sakafu.

Sasa mtupie kipande cha halwa. Atakinusa, akutazame kana kwamba umemtukana, aende zake. Si kiburi. Paka haonji utamu wa sukari kabisa. Mwaka 2005 wataalamu walieleza kuwa chembe ya urithi inayohusika imeharibika, kwake na hata kwa duma. Nayo maziwa, tuliyofunzwa sote kuwa ndiyo chakula chake, huwaharisha paka wakubwa wengi.

Basi ukitaka kumkirimu, mpe samaki na maji safi. Hasa ukifika wakati wa kusi, bahari ikichafuka na vyombo vidogo visiende mbali. Samaki hupungua sokoni, na wageni pia. Hapo utawaona barazani mbavu nje, wakimlilia kila apitaye na kikapu, hata kama ndani mna muhogo mtupu.