Kwenda Kenya

Kwetu Bulla Iftin, Garissa, msafiri wa Nairobi hakusema anaenda Nairobi. Alisema, "Kesho naenda Kenya." Aliyasema hayo akiwa amesimama ndani ya Kenya, na aliyemsikia alimwombea safari njema bila kushangaa. Kenya ilianzia ng'ambo ya Daraja la Tana, pale Madogo. Nilipokuwa darasa la pili niliamini kwamba mto ndio mpaka wa nchi. Mwalimu aliponionyesha ramani nikaona sisi tumo ndani, nilimwendea baba jioni kumwuliza ni nani aliyekosea. Baba hakunijibu. Alikuwa na sababu zake, na nilizielewa baadaye.

Nilimaliza kidato cha nne mwaka 1996. Mwaka uliofuata nikawa nauza soda na sabuni kwenye kibanda cha jirani huko Soko Mugdi, na kila jioni natia shilingi chache ndani ya mkebe. Nilikuwa na nia ambayo wenzangu waliiona ya ajabu: kuizunguka Kenya. Watu wetu husafiri sana, lakini kwa sababu. Mtu anafuata malisho, anapeleka ng'ombe sokoni, anamsindikiza mgonjwa. Mimi nilitaka kuvuka daraja, nipite Nairobi, Nakuru na Kisumu hadi Kitale, kisha nirudi kwa njia ya Isiolo na kuingia Garissa kutoka kaskazini, begi moja mgongoni, nikilala mji huu siku mbili na mji ule siku tatu, nione tu.

Wa kumwuliza alikuwa abti, kaka mkubwa wa mama, aliyeendesha lori la ng'ombe kati ya Garissa na Nairobi kwa miaka mingi. Nilimpelekea atlasi ya shule. Akaitazama kidogo, akanirudishia. "Hii haina watu," akasema. "Leta daftari."

Basi yeye akawa anasema, mimi naandika. Mwingi usishuke, kula Matuu. Islii, pale Nairobi, fika kabla ya magharibi, umtafute mpishi wa chai aliye mkabala na Garissa Lodge, mwambie wewe ni mtoto wa nani. (Garissa Lodge ilikuwa nyumba ya wageni kweli, hadi serikali ya Somalia ilipoanguka Januari 1991 na wakimbizi waliopanga vyumba wakaanza kuuza nguo na redio humo humo walimolala. Vyumba vikageuka maduka, na maduka hayo ndiyo yaliyozaa majumba yote ya biashara ya Islii ya leo.) Nakuru kuna mwenye duka la magunia, ni wa shangazi yake mama yako. Kisumu, swali alasiri msikitini kisha usiondoke haraka, kaa kibarazani, utaulizwa. Kitale sina mtu, usilale. Isiolo ni nyumbani. Babu zetu waliopigana upande wa Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia walipewa makao pale, na wajukuu wao hawajaacha kumkaribisha mgeni.

Ukurasa wa pili ulikuwa wa vizuizi. Abti alivitaja kimoja kimoja, kama mtu anayetaja visima. Kitambulisho kiwe mfuko wa shati, kisiwe ndani ya begi, usije ukaonekana unatafuta. Barua ya chifu iwe na muhuri unaosomeka. Askari wakisema Wasomali washuke, shuka wa kwanza, usingoje. Niliandika hayo kwa mwandiko ule ule niliotumia kuandika maduka na misikiti. Sikuona ajabu.

Baba ndiye aliyeona. Usiku ule alitoa kutoka sandukuni kadi yake ya rangi ya waridi. Mwishoni mwa 1989 serikali iliwataka Wakenya Wasomali watu wazima wajisajili upya, waulizwe ukoo na asili, na aliyepita akapewa kadi hiyo aibebe pamoja na kitambulisho. Baba alizaliwa chini ya sheria ya wakoloni iliyofanya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini kuwa mahali pa kuingia na kutoka kwa kibali. Alikuwa kijana hali ya hatari ilipotangazwa huku kwetu Desemba 1963, wiki chache tu baada ya uhuru, na alikuwa na mvi ilipoondolewa 1991. Aliniwekea kadi ile mkononi, akasema, "Ichukue, huenda ikakufaa." Hakunikataza kwenda. Nilitamani angenikataza kuliko kunipa ile kadi.

Ayeeyo, nyanya yangu, kwa upande wake alinitengenezea nyirinyiri: nyama ya ngamia iliyokatwa vipande vidogo sana, ikaanikwa, ikakaangwa mpaka maji yote yakatoka, kisha ikazamishwa ndani ya samli. Chakula hicho hukaa miezi bila kuharibika, na ndicho kilichowavusha wafugaji nyika tangu zamani. Kwa wale wa Islii na Isiolo habari ilitumwa kwa taar, ile redio ya upepo ambayo mtu alilipia dakika zake, akapiga kelele mbele ya foleni nzima. Nilipanga kuondoka katikati ya Novemba.

Mvua ya Elnino ilianza Oktoba 1997 na haikusimama hadi mwaka mpya. Tana ulipanda, barabara ikawa ziwa, chakula kikaletwa kwa ndege. Kisha ikaja homa ya Bonde la Ufa ikaua mifugo na watu. Nyirinyiri ya safari tuliila nyumbani, sisi na majirani wawili walioangukiwa na nyumba, ayeeyo akiigawa kwa kijiko. Fedha za mkebe zilinunua unga. Daftari nililitia ndani ya mfuko wa plastiki, nikaliweka juu ya kabati.

Nikaenda chuo, nikarudi nikiwa mwalimu wa Jiografia. Mambo mengi ya safari yalibadilika bila mimi kutoka. Simu zikafika, taar zikanyamaza. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, mama yangu aliacha kunishonea noti ndani ya mkanda. Katiba ya 2010 ikaandika katika kifungu cha 39 kwamba kila mtu ana haki ya kwenda atakako. Niliwasomea wanafunzi kifungu hicho mara mbili.

Mwaka 2014 nililishusha daftari. Nilikuwa na mshahara, na likizo ya Desemba ilikuwa inakuja. Baadhi ya watu wa abti walikuwa wamefariki, naye mwenyewe pia, lakini watoto wao walikuwa na namba za simu, na nilizijaza pembeni. Tarehe 22 Novemba basi lilitekwa karibu na Mandera na abiria 28 wakauawa. Wengi wao walikuwa walimu wakirudi kwao likizo. Aprili 2 mwaka uliofuata ikawa zamu ya Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148. Sitaandika zaidi kuhusu asubuhi ile. Tuliwekewa amri ya kutotoka nje usiku, na ukiuliza habari za njia ulijibiwa saa: saa ngapi msafara wa askari unaondoka, saa ngapi lazima uwe umefika.

Kilichonikaa moyoni kutoka miaka hiyo ni meza tupu katika chumba cha walimu. Wenzetu kutoka Kisii, Machakos na Bungoma waliondoka na wengi hawakurudi, nami siwezi kuwalaumu. Nilifundisha Jiografia, na Hisabati, na Kemia niliyoisoma usiku ili niifundishe asubuhi. Zamani shida yetu ilikuwa kuvuka daraja kwenda. Sasa hakuna aliyetaka kulivuka kuja, na hapo nikafahamu kwamba barabara inaweza kufa ikiwa na lami yake. Desemba 2015 basi jingine liliposhambuliwa karibu na El Wak, abiria Waislamu walikataa kutengwa na wenzao Wakristo, wanawake wakawafunika kwa hijabu zao. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo, akafariki Januari. Jina lake nililiandika kwenye daftari, kwenye mstari wa El Wak. Sikujua niliandike wapi kwingine.

Binti yangu alilikuta daftari hilo mwaka jana. Ana miaka ishirini, na kwa muda mrefu alikuwa hana kitambulisho. Aliomba alipofika miaka kumi na minane, akaitwa kuulizwa maswali yale yale niliyoulizwa mimi, ya babu na kaburi la babu. Februari 2025, Rais William Ruto akiwa ziarani Kaskazini Mashariki, alitangaza kwamba msasa huo umeondolewa. Kitambulisho kilipotoka binti yangu aliniletea mezani pamoja na daftari. "Aabo," akasema, "twende. Agosti shule imefungwa."

Namna yake ya kupanga ilinishangaza. Alikaa jioni tatu na simu yake, na safari yote ikawa imo mle ndani: ramani inayofunguka bila mtandao, bei za vyumba, picha za vitanda, kilomita. Akabadilisha njia pia. Yeye alitaka tuanze kwa pwani, Hola, Garsen, Malindi hadi Mombasa, kisha tupande treni. Vizuizi hakuviandika. Watu hakuwaandika. Nilipomwonyesha ukurasa wa Kisumu, wa kukaa kibarazani mpaka uulizwe, alisoma taratibu, akauliza, "Na kama hakuna aliyekuuliza?" Sikuwa nimewahi kufikiri hivyo. Hata hivyo nilipiga simu Nakuru na Isiolo kwa siri, na mama yake akatengeneza nyirinyiri.

Tukavuka daraja saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tukateremka kuelekea Garsen tukiwa tumekaa upande wa kulia wa basi, kwa kuwa abti alisema ukienda kusini asubuhi jua huwa kushoto. Simu haikuwa na habari hiyo.

Nitaeleza stesheni ya Mombasa, kule Miritini, kwa sababu huko ndiko safari yangu ilikokuwa. Kwa miaka zaidi ya ishirini nimefundisha reli: ilianza Mombasa 1896, ikafika Kisumu Desemba 1901. Nimechora ubaoni madaraja na vilima vyake. Sikuwa nimewahi kupanda treni, maana reli haijawahi kufika Garissa. Binti yangu alikuwa amekata tiketi kwa simu, akibonyeza namba tu. Tulipofika kwenye ukaguzi, mkono wangu ulienda wenyewe kwenye mfuko wa shati. Nikakitoa kitambulisho, nikajitayarisha kusogea kando. Kisha nikatazama mbele. Bibi wa Kikamba mwenye kikapu alikuwa amekishika chake. Mhindi na watoto wake watatu, vijana waliovaa jezi za mpira, mtawa, kila mmoja ameshika chake, na kila begi, pamoja na letu, likapangwa sakafuni kwenye mstari mmoja ili mbwa wa askari apite. Hakuna aliyeambiwa ashuke kwanza. Nilisimama kwenye foleni ile nikiwa na miaka arobaini na saba, na machozi yakanitoka. Binti yangu alidhani vumbi limeniingia. Nikamwacha adhani.

Treni yenyewe ilikwenda kwa muda wa kama saa sita, tukapita Tsavo, tukaona ndovu wekundu kwa udongo. Nilizungumza njia nzima. Nairobi tulilala siku mbili, Nakuru mwenye duka la magunia alikuwa mjukuu sasa, na akatulazimisha tulale kwake ingawa chumba kilikuwa kimelipiwa. Kisumu tulikaa kibarazani baada ya alasiri, na ilichukua kama dakika kumi kabla ya mzee mmoja kutuuliza tumetoka wapi. Binti yangu alinitazama, akacheka. Kitale tulilala, gesti safi, tukajaza mstari ambao abti aliuacha wazi. Eldoret na Nyahururu mvua ilitunyeshea mfululizo na sina mengi ya kusema juu yake. Isiolo walikuwa wamechinja.

Kutoka Isiolo tulirudi kwa Modogashe. Ndani ya gari aliketi nyuma yetu kijana mmoja, begi kubwa mgongoni, godoro jembamba limeviringishwa juu yake. Alikuwa wa Siaya, mwalimu wa Fizikia, amepata kazi yake ya kwanza Wajir. Alikuwa na ramani kwenye simu na alikuwa ameikazia macho tangu Isiolo. Modogashe njia zinagawana, sisi kusini, yeye Habaswein na mbele. Tulishuka wote kunywa chai. Alitaka kujua ni wapi atapata gari, na baada ya kimya kirefu akauliza kwa sauti ya chini kama nina mtu ninayemfahamu huko.

Nilifungua daftari. Nikamsomea jina la mwalimu mstaafu niliyesoma naye chuo, anayeishi karibu na visima, naye akaandika kwenye simu yake. Nikamwambia magari husimama wapi, na akifika asiende gestini moja kwa moja, akae kwanza mbele ya hoteli ya chai, ataulizwa. Binti yangu akamtajia namba. Tukampa nyirinyiri iliyobaki, tukamweleza ni nini, akainusa, akaonja, akachukua tena. Gari lake likaanza kupiga honi.

"Kaa kulia," nilimwambia. "Saa hizi jua litakuwa kushoto mpaka Wajir."